Breki za Mbele, Breki za Nyuma

Jifya moja haliinjiki chungu. Waliotuachia methali hii hawakuwa wameishiwa mawe. Walijua kwamba jiwe la mekoni, hata likiwa kubwa kama kichuguu, likisimama peke yake chungu kitalala ubavu na mboga itamwagika majivuni. Kazi ya wengi haiwezwi na mmoja, awe hodari kiasi gani. Asiyesadiki na asikilize yaliyotokea Ipagala, jijini Dodoma, siku moja kabla ya harusi ya Priska.

Bwana harusi, Joel, alikuwa fundi wa viyoyozi katika ofisi za serikali za Mtumba. Ursula, mdogo wake Priska, alikuwa na stashahada ya ufundi wa magari na ulimi mkali kama wembe mpya. Kwa miezi mingi wawili hao walikuwa wakiunda gari dogo la viti viwili uani kwa kina Ursula. Bodi iliagizwa vipande vipande. Injini na magurudumu yalitolewa kwenye gari kuukuu. Ndoto yao ilikuwa moja: Ursula ampeleke dada yake kanisani kwa gari hilo, na Joel amrudishe akiwa mkewe.

Shida ilikuwa utani. Mashemeji hutaniana, lakini hawa walitaniana mpaka ukweli ukakosa pa kupita. Ursula alifunga breki za mbele, Joel akafunga za nyuma, na tangu hapo kila mmoja akadai kuwa zake ndizo zitakazosimamisha gari.

"Breki zako, shemeji, ni mkia wa mbuzi," Ursula alimwambia. "Upo, lakini hausitiri kitu."

"Na zako, shemeji, ni meno ya bibi kizee," Joel akajibu. "Yanagusa, hayaumi."

Chini ya pedali palikuwa na skrubu iliyogawa nguvu ya mguu. Ukiizungusha kulia, breki za mbele hukamata zaidi. Ukiizungusha kushoto, za nyuma. Skrubu hiyo haikupata usingizi. Ursula aliizungusha kulia kimyakimya, na alipogeuka kunawa mikono, Joel akairudisha kushoto.

Ijumaa alasiri, Priska na mama yake walitoka kushuhudia jaribio kwenye uwanja wa mpira nyuma ya nyumba. Priska alikuwa na rola za nywele kichwani na sharti moja mdomoni.

"Likisimama limenyooka, napanda. Likiyumba, naenda na gari la kukodi, na hilo lenu mtafugia kuku."

Joel akaingia wa kwanza, huku skrubu ikiwa imelala kushoto kabisa. Akaondoka kwa mbwembwe, akakanyaga breki. Magurudumu ya nyuma yakaganda, mkia ukataka kukipita kichwa, gari likazunguka kama pia na kutulia likitazama lilikotoka.

"Jamani! Bwana harusi kaghairi," mama akasema huku akijifuta vumbi. "Anarudi kwao!"

Ursula alicheka mpaka akashika mbavu. "Toka, shemeji, uonyeshwe kazi."

Akaizungusha skrubu yote kulia, akachapa mwendo, akakanyaga. Magurudumu ya mbele yakaganda. Alikata usukani kushoto, akaukata kulia, lakini gari lilikuwa kiziwi. Liliteleza moja kwa moja hadi kwenye rundo la matofali ya jirani na kuliporomosha lote.

"Lakini limesimama limenyooka," Ursula alisema kwa sauti ndogo.

"Limesimamishwa na matofali," Priska akamjibu, na kutoa simu. "Namtafuta mwenye gari la kukodi."

Hapo kicheko kikaisha. Joel alimtazama Ursula, na kwa mara ya kwanza hakumwita shemeji.

"Ursula, gari lilipozunguka, magurudumu yapi yaliganda kwanza?"

"Sikuyatazama. Nilikuwa nakutazama wewe, nipate cha kucheka."

"Basi tuko sawa. Nami nilikuwa nakutazama wewe."

Wakageuka kuyatazama magurudumu. Aliye ndani ya gari hayaoni magurudumu. Aliye nje hana pedali.

"Dada, tupe mpaka jua lizame," Ursula aliomba.

"Simu ninayo mkononi," Priska akasema, lakini hakupiga.

Waliuweka utani kando. Wakachora mistari ya chaki kwenye matairi ili aliye nje aone gurudumu gani linaacha kuzunguka kwanza. Joel akaendesha, Ursula akachuchumaa vumbini, macho kodo.

"Za nyuma zimewahi!"

Joel akasogeza skrubu kulia kidogo, akarudia.

"Bado za nyuma! Ongeza!"

Akaongeza. Safari hii neno lenyewe lilimchoma Ursula, lakini akalisema. "Sasa zangu zimezidi. Zinaganda mapema mno. Punguza."

Joel akapunguza kwa unywele mmoja tu. Gari likifunga breki uzito wake hukimbilia mbele, hivyo za mbele zinapaswa kutangulia kidogo na za nyuma kuzifuata mara moja. Alipokanyaga tena, gari lilisimama limenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Wakabadilishana: Ursula akaendesha, Joel akachuchumaa. Likanyooka vilevile.

Priska akaitia simu mfukoni, akaenda kuketi kando ya mdogo wake.

"Endesha. Na ukiniharibia nywele, kesho utaolewa wewe."

Gari likatimua mbio, breki zikakamata, likatulia tuli. Hakuna rola iliyoanguka.

"Tena!" Priska akapiga kelele kama mtoto kwenye bembea. "Tena, Ursula!"

"Haya, semeni," mama akawachokoza mafundi waliporudi. "Breki za nani zimeshinda?"

Joel na Ursula wakakunja mikono ya nguo zao. Kisha wakaenda pamoja kuyapanga upya matofali ya jirani.

Kesho yake gari liliposimama mbele ya kanisa bila kuyumba, na bi harusi akashuka kwa madaha huku vigelegele vikirindima, hakuna aliyeuliza tena kama ni breki za mbele au za nyuma. Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.