Chaji Haichangwi kwa Chupa

Chaji haichangwi kwa chupa. Leo asubuhi mmemsikia mwalimu wenu akimwambia hivyo mwenzenu aliyefungua daftari mlangoni mwa chumba cha mtihani, nanyi mkacheka, na sasa mmenijia kuuliza usemi huo umetoka wapi. Kaeni basi. Haukutoka kwenye kicheko. Ulitoka hapa hapa Mwabulugu, na chanzo chake nakijua kwa sababu siku ile nami nilishika chupa.

Zahanati yetu ilikuwa na gari la wagonjwa la petroli, lililokunywa kama mlevi wa gulioni. Dereva wake aliitwa Ngusa. Mafuta ya mwezi yalikwisha kabla ya tarehe kumi, na baada ya hapo mgonjwa alitegemea majirani. Mtu alichukua chupa tupu akapita nyumba hadi nyumba, na kila mwenye pikipiki alimmiminia kidogo kutoka kwenye tangi lake. Aliyezunguka na chupa zaidi ya wote alikuwa Nyanzobe, mama Sayi, muuza maandazi. Mke wa Ngusa aliposhikwa na uchungu, ni Nyanzobe aliyekusanya chupa kumi na mbili peku peku. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Wanawake wawili walikata roho chupa zikiwa bado zinazunguka.

Ngusa alijisifu kwa jambo moja, kwamba hajawahi kulala njiani. Ilikuwa kweli. Gari likimkatikia, alipiga honi tatu na watu wa kijiji chochote wakatoka na chupa zao.

Kisha tukaletewa gari la umeme, na paneli za jua zikatandazwa juu ya paa la zahanati. Muuguzi Wande alimweleza Ngusa mbele yetu.

"Hili linashiba polepole. Kila ukirudi, lichomeke kwenye waya jua likiwa bado lipo. Anga likifunga, halili."

Kwa miezi minane wajawazito kumi na mmoja walifika hospitali ya wilaya bila tone la petroli kuungua. Tulisahau hata chupa zetu tuliziweka wapi. Lakini cha bure huwalegeza watu. Ngusa yule aliyelinda petroli kama mboni ya jicho alianza kuwabeba jamaa zake kwenda mnadani.

"Jua ni la Mungu," alisema. "Nani ataniuliza nimechoma nini?"

Alhamisi moja jua lilikuwa kali tangu asubuhi, naye akaenda mnadani mara mbili. Aliporudi, jua lilikuwa limezama. Alichomeka waya kwa mazoea tu akaenda kulala. Ijumaa anga likafunga kwa mvua ya masika.

Saa nne asubuhi Nyanzobe aliletwa juu ya baiskeli, mimba ya miezi tisa, akivuja damu. Wande alitazama kioo cha gari kinachoonyesha chaji kabla ya kumtazama dereva.

"Chaji hii ni ya kilomita ishirini. Hospitali ni arobaini na tano. Tupige simu wilayani watuletee gari."

"Mpaka lifike ni saa moja na nusu, dada Wande, na damu hii?" Ngusa alisema. "Huyu alizunguka na chupa kwa ajili ya mke wangu. Nitamfikisha. Sijawahi kulala njiani."

Wakaondoka. Kwenye mlima wa Igegu gari lilisimama bila hata kukohoa, na pale simu haishiki. Ngusa alipiga honi tatu. Mkono wake haukujua ishara nyingine.

Siku zile mimi nilikuwa nimejenga pale mlimani. Kwa mazoea ya honi ile tulitoka wote bila kukumbuka gari ni lipi, tukiziba midomo ya chupa kwa viganja ili mvua isiingie. Tulilizunguka gari, na mzee mmoja akauliza tangi liko wapi. Ngusa alifungua kifuniko cha ubavuni. Mlikuwa na matundu ya waya tu.

Nyanzobe alituona kupitia dirisha.

"Wamekuja wengi, kaka Ngusa."

"Wamekuja, dada."

"Basi mimina twende."

Ngusa alikuwa na chupa mkononi. Alibaki ameishika. Vijana wawili walitimua pikipiki kutafuta gari. Baada ya saa nzima walirudi na lori la mchanga. Nyanzobe alifia ndani yake, paa la hospitali likiwa bado halijaonekana. Tulimzika kaburi moja na mtoto aliyekuwa tumboni.

Msibani watu walililaumu gari. Walisema jua halina nguvu, lirudishwe la petroli. Wale wanawake wawili waliokufa wakisubiri chupa, hakuna aliyewataja. Ngusa alisikia lawama zile zikipita kando yake akashusha pumzi, na aibu yake kubwa ni hiyo pumzi. Kisha akamwendea Lutonja, mume wa marehemu.

"Shemeji, watu wote walitoka. Chupa ishirini na tatu. Hakuna aliyemnyima."

"Nimeambiwa," Lutonja alijibu, macho yakiwa chini. "Watu walikuja. Na jua nalo lilikuja Alhamisi, Ngusa, likakaa kutwa nzima juu ya paa likikusubiri. Wewe ulikuwa mnadani. Chaji haichangwi kwa chupa."

Lawama juu ya gari zilikoma hapo hapo. Gari halikurudishwa, nalo limeokoa wengi tangu siku ile. Ngusa hakulishika tena. Ila kwa miaka mingi kulikuwa na binti mdogo aliyepita zahanati kila mchana akitoka shule, akainama kutazama kama waya umechomekwa, kisha akaenda zake. Hakuna aliyemtuma.

Binti huyo alikuwa Sayi, mtoto wa Nyanzobe, naye ndiye mwalimu wenu. Mlipocheka asubuhi, yeye hakucheka. Kesho mkimwona, mwamkieni kwa adabu, na madaftari yenu yafungueni leo, jua likiwa bado lipo. Chaji haichangwi kwa chupa.