Wimbo Ambao Hadu Hakuutunga

Bisheni. Nasema bisheni sasa, kabla sijaanza, maana nikishafika katikati hamtapata nafasi. Na atakayefika mwisho wa kisa hiki bado anabisha, kofia yangu hii achukue, nami nitarudi nyumbani kichwa wazi.

Inasimuliwa, na waliosimulia ni watu wazito kuliko ninyi mnaonikodolea macho, kwamba katika nchi ya Waodia, mashariki ya Bara Hindi, aliishi mja aitwaye Hadu, mkamua mafuta ya ufuta. Watu wa huko wana dini yao na majina yao ya kumwitia Muumba. Hayo tumwachie Mwenyewe. Sisi tumefuata ukweli, na ukweli hauulizwi kabila.

Nchi ile Mola aliijaalia washairi mpaka vichochoroni. Mfinyanzi anatunga, mfumaji anatunga, mchunga ng'ombe anatunga. Hadu naye alitunga, akizunguka siku nzima nyuma ya maksai wake aliyefungwa kitambaa machoni asije akapata kizunguzungu. Kusoma hakujua. Na nyimbo zake, Mola amrehemu, zilichechemea. Mshororo mmoja mrefu kama mkia, mwingine umekatika. Watu walizicheka, lakini waliziimba, kwa kuwa kila wimbo ulikuwa na jina.

Jina ndiyo desturi yenyewe, isikilizeni vizuri. Mshairi wa huko hamalizi wimbo mpaka ajitaje katika ubeti wa mwisho, na hujitaja kwa kujidhili: mimi mjinga, mimi mnyonge, mimi nisiyejua kitu. Wimbo usio na jina hakuna aupokeaye, ni kama maiti asiye na jamaa. Na kadiri mtu anavyojitukana katika ubeti ule, ndivyo wanavyomheshimu.

Kijijini palikuwa na banda la kisomo. Kila jioni watu hukusanyika, msomaji akasoma maneno ya Mungu yaliyochorwa kwa kalamu ya chuma juu ya majani ya mti wa mvumo, kisha zikaimbwa nyimbo. Wenye nasaba walikaa ndani mkekani. Mkamua mafuta alikaa nje, chini ya michirizi ya paa, maana huko waliamini kwamba ukikutana naye asubuhi, siku yako imeharibika. Baba yake Hadu alisikilizia pale nje mpaka akafa. Hadu aliota jambo moja tu duniani: kukaa ndani, japo karibu na mlango, asikie bila maji kumtiririkia shingoni.

Basi mwaka mmoja mvua zilichelewa, watu wakafadhaika, na kukazuka wimbo. Ulitoka sokoni, ukaingia visimani, hata watoto wachanga wakabembelezwa nao:

*Macho umenifungia, nazunguka kinu chako,*
*Nadhani nimeshafika, kumbe ni uani kwako.*
*Hadu mnyonge asema, nifungue siku yako.*

Watu walilia. Msomaji wa banda, Bwana Nilambar, mtu mkavu asiyelia hata msibani, alifuta macho kwa ncha ya shuka. Akatuma watu kwa Hadu, wamwambie kwamba tangu leo mahali pake ni ndani.

Hadu alipoambiwa wimbo ni wake, alisimamisha maksai. Hakuukumbuka. Aliurudia moyoni mara kwa mara, na kila akiurudia alichanganyikiwa zaidi. Kinu ni chake. Maksai ni wake. Ua ni wake. Jina ni lake. Nani mwingine angejua kwamba mnyama yule hutembea mchana kutwa na hatoki uani? Labda aliutunga usingizini. Labda aliutunga akausahau, kama mtu anavyosahau alipoweka panga. Akamuuliza mkewe, Sebati.

Sebati akamtazama. "Mume wangu, wewe huwa unasahau hata kama umekula. Nitajuaje kama umetunga?"

Akajaribu kuongeza ubeti mmoja, ili ajue. Ukatoka ubeti wa ufuta na sifa za Mola, na ukachechemea vilevile kama ndugu zake. Hapo moyo ukamwambia: huu si wako. Na moyo huohuo ukamwambia: lakini nyamaza, ukae ndani.

Baada ya kusitasita, jioni moja alisimama kizingitini, akasema mbele ya watu wote, "Mabwana zangu, wimbo huu sikuutunga mimi. Mimi sijui kitu."

Mnadhani waliudhika? Ndipo mnapowajua watu wa desturi. Banda zima likavuta pumzi kwa mahaba. Mabwana wakatazamana, wakaambiana kwamba huyu sasa ndiye mshairi. Wengine hujidhili ndani ya ubeti, huyu amejidhili mpaka nje ya wimbo. Hadu akaapa kwa kinu chake. Wakasema, kiapo gani kizuri. Akasema yeye ni mwongo endapo atakubali. Bwana Nilambar akaagiza kalamu ya chuma iletwe, ili na maneno hayo yachorwe juu ya jani.

Wallahi, mtu akikataa uongo watu wakamwongezea sifa, afanyeje? Alirudi chini ya michirizi, akakaa palepale pa baba yake. Walimwita ndani, hakwenda. Walimbembeleza, hakwenda. Kila jioni wimbo ukiimbwa kwa jina lake aliinamisha kichwa kama mtu anayetukanwa, nao waliokuwa ndani wakamwonyesha watoto wao: tazameni unyenyekevu. Alisubiri. Hakujua anasubiri nini. Wakati mwingine alijiuliza kama kweli si mwendawazimu, kwamba wimbo ni wake na Shetani ndiye anayemsahaulisha.

Jirani yake pale nje alikuwa mjane aitwaye Champa. Kazi yake kukaanga mchele katika mchanga wa moto mpaka ufutuke uwe bisi, kisha akazunguka nazo masokoni. Kibanda chake kilipakana na ua wa Hadu, ukuta mmoja. Siku moja alimfuata kinuni, akasimama upande wa pili wa maksai.

"Mwanangu," akasema, "mbona huingii ndani? Nimekupa wimbo mzima na umekaa kwenye matope."

Hadu akamwachia maksai azunguke peke yake. "Umenipa nini, shangazi?"

Champa akaeleza bila kumtazama. Wimbo ni wake. Aliutunga akimsikiliza maksai ukutani. Lakini wimbo hautembei bila jina, na jina la mjane ni nuksi, hakuna wa kulitamka kisomoni. Akatafuta jina la kuazima, asilipate lingine kijiji kizima. La Hadu walilicheka, ila walilitamka.

"Ungeniambia."

"Ungekataa. Na mimi nilitaka uimbwe. Sasa unaimbwa, basi. Nyamaza, mwanangu, nenda ukakae mkekani. Mmoja wetu akae."

Hapo ndipo mtihani ulipokuwa mtihani. Kabla ya hapo alikuwa anakataa kitu asichojua ni cha nani. Sasa mwenyewe amemhalalishia, kwa mdomo wake, na mkeka umetandikwa. Alitembea nyuma ya maksai mpaka ufuta ukaisha kinuni, mti ukawa unasaga mti, na yeye hasikii.

Jioni ile alisimama kizingitini akauimba. Alipofika mshororo wa mwisho hakusema Hadu. Alisema: *Champa mnyonge asema, nifungue siku yako.*

Kisha, Mola atusitiri na werevu wetu, mmoja akasema amezidi sasa, amejificha hata nyuma ya mjane. Wakaanza kulia upya. Hadu akashika kichwa.

Ndipo kutoka gizani chini ya michirizi ikatoka sauti ambayo mahali pale haikuwahi kusikika, ikaimba ubeti ambao hakuna aliyewahi kuusikia:

*Mchanga umenichoma, na punje ikachanuka,*
*Moto niliulaumu, kumbe ulibarikika.*

Hakuna mkamua mafuta aliyetunga hayo. Kila mtu alijua ni mikono ya nani inayochomwa na mchanga. Bwana Nilambar aliinuka, watu wakidhani anakwenda kumfukuza. Akavuta mkeka wake mpaka kizingitini, nusu ndani nusu nje, akamwomba Champa aanze tena, polepole, ili kalamu imfuate.

Na inasimuliwa kwamba wimbo ule ukaendelea kuimbwa kwa jina la Champa, na nyimbo za Hadu hakuna hata mmoja uliobaki. Zilichechemea, zikaanguka njiani. Ikhlasi ni hiyo: kuondoa jina lako mahali pasipo pako, hata kama ndipo mahali pekee lilipokuwa limeandikwa.

Mbona hakuna anayebisha? Basi nitawaambia niliporuka. Kabla hajakataa kizingitini, siku ile ile alipoitwa mara ya kwanza, Hadu alikwenda. Aliingia ndani, akakunja miguu juu ya mkeka, shingo kavu. Wakamuuliza, wimbo ni wako? Akatikisa kichwa kukubali, na Champa yuko nje anamwona. Ndiyo maana kukataa kwake baadaye kulionekana ni unyenyekevu, walishamwona amekubali. Niliruka kwa sababu nilitaka muanze kumpenda kwanza.

Sasa mwenye kumtaka Hadu ambaye hakuwahi kutikisa kichwa, amtafute kwingine. Mimi ninaye huyu, aliyeinuka mkekani wakati bado wanamwambia kaa. Mola atujaalie kuinuka.