Kigingi Kilichotembea

Sogeeni karibu, na mwenye miguu mirefu aikunje, hadithi yangu ipate pa kupita. Zamani hizo wanyama walikuwa na ndimi za kusemea, na sisi binadamu tulikuwa hatujaja kuwakatiza. Mwaka huo mvua ilinyesha, ikasahau kuacha. Ziwa likajaa, likafurika, likameza malisho, likaua migunga ya ukingoni ikabaki mikavu, na mwisho likaifunika barabara iendayo Kilimani.

Mfalme Simba alikasirika sana. Si kwa ajili ya waliokufa maji, la hasha! Alikasirika kwa sababu ziwa halikumwomba ruhusa. Akaliungurumia siku tatu. Ziwa, kwa utovu wake wa adabu, likapanda shibiri moja zaidi. Basi Mfalme akaunda cheo, maana kwake hakuna shida isiyotibika kwa cheo. Akamteua Fisi kuwa Msimamizi Mkuu wa Usalama wa Njia. Sifa zake ni kwamba alicheka kila Mfalme aliposema jambo, hata lisilochekesha.

Sasa, wanyama wa pale walikuwa na desturi yao. Maji yakianza kuinyemelea barabara, wote hutoka kuchomeka vigingi kandokando yake. Barabara ikishafunikwa, mpitaji hupita katikati ya vigingi, asije akatumbukia kwenye korongo refu lililo ubavuni. Kila mmoja huchomeka chake na kukifunga fundo la nyasi, na aliyechomeka ndiye hutangulia kupita hapo, ili mkono wake usifanye mzaha. Bi Digidigi, kwa ufupi wake, alichomeka kile cha kwanza, penye maji haba, kando ya mgunga mmoja mkavu. Fundo lake lilikuwa chini kuliko yote, wenzake wakamcheka.

Fisi hakuchomeka hata kimoja. Siku ya vigingi alikuwa na udhuru, alikuwa anakula.

Tangu apewe cheo, mambo yakawa ya ajabu. Ngiri alipita katikati ya vigingi, hakufika. Nungunungu akapita, hakufika. Kila msiba ukitokea, Fisi alikimbilia kwenye kona ambako maji hutupa vitu, eti kuwasitiri marehemu. Akawasitiri vizuri mno, hata mfupa haukuonekana. Majonzi yale yakamnenepesha.

Asubuhi moja Kunguru alimletea Bi Digidigi habari kutoka ng'ambo. "Maji yamefika mlangoni kwa mama mkwe wako. Magoti yake hayampandishi mlimani, na mwanao amekataa kumwacha. Mpaka jioni, sijui."

Bi Digidigi hakungoja amalize. Mwanawe alikuwa huyo mmoja tu. Alikimbia mpaka ukingoni, akamkuta Fisi amekaa juu ya jiwe, tumbo mbele.

"Pita, mama, pita," Fisi alisema kwa sauti ya asali. "Katikati ya vigingi tu, usiogope. Mimi nipo hapa kwa ajili yenu." Alisema hivyo akiyatazama mapaja ya Bi Digidigi.

Bi Digidigi akatia kwato majini. Akafika kwenye kigingi cha kwanza, akaliona lile fundo la chini lililochekwa na wote. Lakini mgunga uko wapi? Mgunga ulikuwa kule, hatua ishirini upande wa kulia. Naye siku ile alijikuna mgongo kwenye mgunga huo huo akiwangoja wenzake! Mti hautembei. Basi kilichotembea ni kigingi.

"Ngoja nirudi," alisema. "Nimesahau zawadi ya mama mkwe. Siwezi kwenda mikono mitupu."

"Zawadi ya nini, mama?" Fisi alimeza mate. "Wewe mwenyewe unatosha."

Bi Digidigi akarudi mbio, akamkuta Sungura juu ya kichuguu, anatafuna majani kama hakuna gharika.

"Kaka Sungura, vigingi vimehamishwa! Fisi anatuelekeza korongoni. Nakwenda kwa Mfalme!"

"Kumwambia nini, dada? Yeye ana cheo, wewe una kwato. Mfalme akikiri kwamba Fisi ni mwovu, amekiri kwamba alikosea kumteua. Umewahi kumwona Mfalme akikosea?"

"Mwanangu anakufa maji, Sungura!" Bi Digidigi akaangua kilio, wala hakuona haya.

Sungura akaacha kutafuna. "Basi futa machozi. Huyo Mfalme anakuja kukagua. Niachie mimi."

Simba akaja kwa maringo, wanyama wengine nyuma yake. Sungura akainama mpaka masikio yakagusa tope.

"Ewe Mfalme, uliyelitisha ziwa hata likapanda juu kukukimbia! Kuna wenye wivu wanaosema Bwana Fisi hafai. Wazibe midomo leo. Desturi inasema mwenye vigingi hutangulia, na vigingi vyote sasa viko chini ya mkono wake. Atangulie, sisi tumshangilie."

"Umesema vyema," Simba alijibu, akitikisa manyoya. "Fisi, tangulia."

"Mfalme wangu, mimi leo nina mafua..."

"Tangulia!"

Fisi akaingia majini, mkia katikati ya miguu. Kufuata vigingi ni kwenda korongoni. Kuviacha ni kukiri. Akapata hila, kama kawaida yake. "Nitapita kwa nje kidogo, Mfalme, nivikague," akasema, akashika upande wa kulia kuitafuta barabara ya kweli.

Ole wake! Maji yalikuwa rangi moja ya udongo kila upande, na alama zote alikuwa amezing'oa kwa mikono yake. Wenzake waliijua barabara ile kwa nyayo, kwa sababu waliikanyaga siku ya kuchomeka. Yeye siku hiyo alikuwa anakula. Hakujua kwamba mbele kidogo barabara inapinda na kulizunguka korongo. Akaenda hatua tatu, akageuka, akawachekea waliobaki. Hatua ya nne ikakosa pa kukanyaga. Chubwi!

Akaibuka, macho yamemtoka. "Nisaidieni! Njia iko wapi? Jamani, njia iko wapi?"

"Katikati ya vigingi, Bwana Msimamizi!" Sungura alimjibu.

Mkondo ukamchukua mpaka kwenye ile kona. Siku hiyo hapakuwa na wa kumsitiri.

"Nilijua tangu mwanzo," alisema Simba. Wanyama wote wakakubali kwamba walijua kuwa alijua.

Bi Digidigi hakuwa na muda wa kusikiliza hekima hiyo. Aling'oa kigingi chake kwa meno, akakirudisha ubavuni mwa mgunga, akakipita wa kwanza. Nyumbu akafuata, akakumbuka pake, akachomeka chake, akatangulia hapo. Punda naye hivyo hivyo. Kigingi kwa kigingi barabara ikarudi, nao wakavuka, maji yakimfika Bi Digidigi kidevuni. Jua halijazama, akamkuta mama mkwe amesimama majini hadi magotini, mjukuu mgongoni. Bi Digidigi akamkumbatia mwanawe, akalia mpaka akacheka. Punda akambeba mama mkwe, wakapanda mlimani.

Walipofika pakavu bibi akauliza, "Na yule bwana mkubwa wa usalama, mbona simwoni?"

"Yuko kazini, mama," alisema Bi Digidigi. "Anapima kina."

Bibi akakamua maji mkiani, akaguna. "Mchimba kisima huingia mwenyewe."