Maji ya Kuoshea

Jumamosi moja ya mwisho wa kiangazi, ng'ombe wa Maduhu walikunywa maji ya kijito asubuhi, na kabla jua halijawa kali walikuwa wamelala chini, hawapumui.

Maduhu alikuwa na kaka, Ngassa, mwenye kiwanda kidogo cha ngozi upande wa juu wa kijito hicho. Kwa miaka mingi dawa ya kutengenezea ngozi ilitoka kwenye mashimo ya Ngassa ikashuka hadi kwa mdogo wake. Ng'ombe walikonda, mimba zao ziliharibika. Ndugu hao walifika mahali pa kutozikana.

Ndipo Ngassa akaleta chembechembe nyeusi, mkaa uliochanganywa na vumbi la chuma. Alizijaza kwenye mapipa, akapitisha humo maji machafu. Sumu ikanasa, maji yakatoka meupe. Fundi aliyemuuzia alimweleza kwamba zikishiba hazitupwi. Huoshwa kwa magadi makali, zikatapika zilichomeza, zikarudi kazini kama mpya. Akamwambia pia kwamba maji ya kuoshea ni mabaya kuliko yale ya kwanza, ayahifadhi. Ngassa aliitikia yote, akashika nusu.

Mwaka ule Maduhu alipanda kwa kaka yake, akachota maji ya kijito kwa kiganja, akanywa mbele ya watu. "Leo ndiyo nimeamini tulinyonya ziwa moja," alisema, wakacheka hadi machozi. Ng'ombe wakanenepa. Maduhu akawatenga kwa mahari ya mwanawe.

Chembechembe zikashiba. Watengeneza ngozi wa pale husema kitu kisichosuuzwa kwenye maji yanayotembea hakijasuuzwa. Ngassa alizitia magadi, akazikoroga hadi maji yakawa manjano ya kuumiza macho, akayamwaga yote kijitoni.

"Baba Kulwa, na hayo yanakwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Mama Kulwa, maji yakishatembea hayana kosa."

Asubuhi ya Jumamosi ile Ngassa aliposikia mayowe alishuka mbio, viatu akaviacha njiani. Alikuta ng'ombe wamelala midomo ikiwa majini. Alimgusa mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayetafuta aliyesinzia tu. Mwana wa Maduhu alisimama ng'ambo. Maduhu alikuwa amechuchumaa, ameshika pembe ya dume lake.

"Kaka," alisema bila kuinua sauti, "zamani ulikuwa unatuua polepole. Sumu hii ya mwaka mzima ulikuwa unaiweka wapi, hata ukatuletea yote leo?"

Harusi ya mwana wa Maduhu haikufungwa mwaka ule, na Maduhu hakupanda tena kwa kaka yake.

Basi ninyi mnaomeza machungu ya ndugu zenu kimya kimya, mkasifiwa kwa upole, siku mkishiba mnakwenda kujioshea wapi?