Kitwitwi Aliyemzuia Tai Kushuka

Nikisema "Anga!", ninyi nijibuni "Lina njia!"

Anga!

Lina njia!

Mnajibu kama mmekula mkashiba. Tena. Anga!

Lina njia!

Haya, sogeeni, kaeni vizuri.

Zamani, zamani mno, ndege wote walipokuwa wakisemezana kwa lugha moja, palikuwa na ziwa la magadi katikati ya nchi kavu. Maji yake yalikuwa machungu. Kando yake moja palikuwa na matope ya moto yanayonasa miguu. Ndege aliyetua hapo hakuondoka tena. Kando ya pili palikuwa na matete, na ndani ya matete walilala mamba.

Mahali pa kutua palikuwa pamoja tu. Ulikuwa ukanda mwembamba wa mchanga, na mwisho wa ukanda ilikuwako chemchemi ya maji matamu. Kila vuli, baridi ilipozishika nchi za kaskazini, ndege walikuja kwa mamia, wamechoka, wana kiu, na wote wanautaka mchanga ule mmoja.

Kila mmoja alishuka alivyotaka. Huyu anatoka mashariki, yule anatoka magharibi, wanakutana katikati. Walivunjana mabawa. Walisukumana kwenye matope. Waliotumbukia kwenye matete hawakuonekana tena.

Sasa, alikuwapo ndege mdogo wa mchangani, miguu mirefu, mwili kama ngumi ya mtoto. Huyo ndiye Kitwitwi. Siku moja mumewe alishuka nyuma ya Mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo. Mwari hakumgusa. Lakini upepo wa mabawa yake ulibaki unazunguka hewani, ukamkamata mume wa Kitwitwi, ukampindua, ukamtupa kwenye matete.

Kitwitwi alilia siku tatu. Siku ya nne aliacha kulia akakaa juu ya kichuguu kilichokuwa kando ya ukanda, akatazama juu. Alitazama nani anakuja, kutoka wapi, kwa kasi gani, na nani anaacha upepo gani nyuma yake. Alitazama msimu mzima. Msimu ulipokwisha aliwaita ndege wote, akawaambia kwamba wanakufa kwa kukosa utaratibu tu, na kwamba yeye anaweza kuwashusha mmoja mmoja wakimsikiliza.

Akawapa sheria tatu. Ya kwanza, aliyetangulia kufika atangulie kushuka, na wengine wazunguke juu wakingoja kuitwa. Ya pili, mkubwa akishatua, mdogo ahesabu pumzi kumi kabla ya kumfuata, ili upepo utulie. Ya tatu, aliyeishiwa nguvu apishwe na wote, hata kama amefika mwisho.

Ndege walikubali. Tai, mfalme wao, naye alikubali mbele yao wote.

Misimu mitatu ikapita. Kitwitwi alisimama juu ya kichuguu tangu jua linachomoza hadi linazama, akiita: "Yangeyange, shuka. Mwari, shuka. Korongo, ngoja. Korongo, ngoja. Korongo, shuka." Hakuvunjika bawa hata moja. Mamba walikonda.

Siku moja ya vuli wingu jeusi lilisimama juu ya milima, na ndege walikuwa wengi kuliko siku zote. Mfalme Tai alikuwa anarudi kutoka karamuni pamoja na walinzi wake, mwewe saba. Alikuwa ameshiba, amechoka, na hakutaka kunyeshewa. Akamtuma mjumbe wake, Kunguru, ashuke akamwambie Kitwitwi kwamba mfalme amefika.

Kitwitwi alijibu bila kushusha macho yake kutoka angani. Alisema amemwona, na kwamba mbele ya mfalme wako kwarara kumi na wanne na korongo wawili.

Kunguru akapanda, akashuka mara ya pili. Sasa alikuwa na maneno matamu. Alisema mfalme anamwona Kitwitwi anavyohangaika juani, na yuko tayari kumpa kiota kwenye mwamba wake mwenyewe, penye kivuli. Kitwitwi alimwambia kwamba kutoka kwenye mwamba huo hauonekani ukanda, kwa hiyo haumfai. Na mbele ya mfalme sasa wako kwarara kumi na mmoja na korongo walewale wawili.

Kunguru akapanda, akashuka mara ya tatu. Safari hii alisogea karibu kabisa akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, mfalme ameuliza unalala wapi na mayai yako umeyaficha wapi."

Mayai manne ya Kitwitwi, aliyekuwa ameolewa tena, yalikuwa mchangani palepale, nyuma ya kichuguu. Lakini akasema, "Mwambie yako hapa chini. Akiyataka, ayafuate kwa zamu yake."

Maneno hayo hayajamfika mfalme, likatokea kundi la mbayuwayu kutoka kaskazini. Walikuwa arobaini, wamevuka jangwa bila kutua. Walikuwa wanaruka chini mno, wanayumba, wengine wanakaribia kugusa maji. Mkubwa wao aliita kwa sauti iliyokauka kwamba hawana nguvu ya kuzunguka hata mara moja.

Kitwitwi akapaza sauti. Kwarara wangoje. Korongo wangoje. Kila mtu angoje juu, mbayuwayu wapite. Na ndege wote wakapanda juu kidogo, wakafungua njia.

Wote, isipokuwa mmoja. Mfalme Tai aliiona njia imefunguka, akakunja mabawa, akaanza kushuka kama jiwe. Mwewe saba wakamfuata.

Kitwitwi aliona. Alijua upepo wa Tai na mwewe saba ungewapindua mbayuwayu wote arobaini. Basi aliruka kutoka kwenye kichuguu, akakimbia kwa ile miguu yake mirefu hadi katikati ya ukanda. Akasimama. Akatandaza mabawa yake mawili, akamkazia macho mfalme anayekuja. Shangazi yangu aliyenisimulia ngano hii alikuwa akifika hapa anasimama na kutandaza mikono. Mimi magoti yananikataza, jionyesheni wenyewe.

Tai akapiga kelele kutoka juu kwamba apishwe.

"Sipishi," akasema Kitwitwi. "Ukitaka kutua, tua juu yangu. Wote wanakuona."

Na kweli wote walikuwa wanaona. Kwarara, korongo, heroe, bata, anga zima lilikuwa linamtazama mfalme. Tai alikaribia mpaka Kitwitwi akaona kucha zake. Halafu akatandaza mabawa, akapinda, akapanda juu tena.

Mbayuwayu arobaini wakatua. Walikaa mchangani midomo wazi, wasiweze hata kwenda kwenye maji.

Mfalme naye aliposhuka hatimaye, alikuwa ametota na amekasirika. Hakumgusa Kitwitwi, maana macho yalikuwa mengi. Lakini asubuhi alitangaza kwamba Kitwitwi hana adabu, asikanyage tena kichuguu kile, na kwamba Kunguru ndiye atakayeita ndege.

Kitwitwi akaondoka akaenda kukalia mayai yake. Hakuomba radhi.

Kunguru akaanza kazi. Siku ya kwanza aliwaita rafiki zake kwanza, na bata wawili wakagongana. Siku ya pili aliwaita waliomletea nyama, na kwarara mmoja akasukumwa kwenye matope. Walimsikia akiita hadi sauti ikakatika.

Siku ya tatu wingu lilirudi. Ndege walikuja, wakazunguka juu. Kunguru akamwita Heroe, ndege mwekundu mwenye shingo ndefu. Heroe hakushuka. Akamwita Korongo, Korongo hakushuka. Akawaita rafiki zake, na wao, wakiogopa kugongana, hawakushuka.

Mfalme alikuwa chini, anakunywa. Akauliza kuna nini. Heroe akamjibu kutoka juu, "Hatushuki mpaka aliyekuwa akituita arudi. Tukianguka, tutaanguka mbele yako."

Tai akasema atawashusha yeye mwenyewe. Akapaa na mwewe wake saba, akaingia katikati yao, akiwaamuru, akiwatishia kwa kucha. Waliendelea kuzunguka. Na wakati huohuo mvua ikaanza, na upepo ukaja nayo, na Kunguru kule chini akashikwa na hofu akaita majina yote kwa pamoja.

Hapo ndipo mfalme alipotazama chini. Alikuwa hajawahi kuutazama ukanda ule akiwa ndani ya kundi, amezibwa kushoto na kulia. Aliuona mwembamba kama unyasi. Aliona matope upande huu na matete upande ule. Hakujua ashuke vipi bila kumgonga mtu, na mtu yeyote angemgonga yeye.

Kitwitwi alifunika mayai yake kwa mchanga, akatembea hadi kwenye kichuguu, akapanda. Kunguru akamuuliza ni nani amemruhusu.

"Walio juu," akasema Kitwitwi. "Teremka hapo, unaniziba."

Kunguru akateremka.

Sauti ya Kitwitwi ikasikika katika mvua. "Bata mwenye bawa bovu, shuka. Heroe, shuka. Yangeyange, hesabu kumi. Yangeyange, shuka." Na anga lililokuwa limevurugika likaanza kujipanga. Mmoja akatua, akaondoka kwenye ukanda, mwingine akatua.

Mfalme alikuwa amepaa mwisho kuliko wote, kwa hiyo alikuwa wa mwisho. Hakuna aliyemwambia, alijua mwenyewe. Mara ya kwanza njia ilipoonekana wazi, mwewe wake walimsihi ajitupe chini. Alikataa. Mara ya pili walimsihi, akakataa. Mara ya tatu walianza kusema, akawaamuru wanyamaze, wanamharibia hesabu.

Alizunguka, akazunguka. Mvua ilimpiga mpaka manyoya yakamwelemea. Mwewe saba wakaitwa, wakashuka. Akabaki peke yake angani.

"Tai," akaita Kitwitwi, kwa sauti ileile aliyowaitia wengine. "Shuka."

Tai akatua. Alisimama mbele ya kichuguu akitiririka maji, na ndege wote wakasogea wasikie atasema nini.

"Nimewahesabu," akasema mfalme. "Mbele yangu walikuwa mia mbili na sita."

"Na wote wamefika," akasema Kitwitwi.

Tai akainamisha kichwa. Akaenda kunywa maji pamoja na wengine, na tangu siku ile hakumtuma tena mjumbe. Alipofika, alizunguka. Alipoitwa, alishuka.

Basi, funzo lake ni hili. Sheria iliyowekwa ili watu wasife ni ya watu wote, na mkubwa akitaka kuiruka, anayeilinda asimpishe hata akiwa mdogo kama ngumi ya mtoto. Na ninyi mnaolindwa naye msimwache asimame peke yake.

Ngano yangu inaishia hapo. Anayeitaka aende nayo kwao. Asiyeitaka aiache palepale alipokaa. Atapita mwingine aiokote.