Kiti cha Mpiga Cherewa

Ndugu zangu, hii isomeni taratibu, na anayeituma mbele aitume nzima, asinikatie katikati.

Katika mji mmoja wa pwani palikuwa na kikundi cha taarabu kilichoitwa Nuru ya Jioni. Watu wa mji ule walikionea fahari kuliko timu yao ya mpira, na timu yenyewe ilikuwa haifungiki ovyo.

Kila mwaka, siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwa kikundi, waasisi walikalishwa viti vya mbele ukumbini. Wimbo wao wa kwanza, uliorekodiwa kwenye kanda, ulipigwa kwenye spika. Ala ya muasisi ikiingia, mwenyewe husimama, na watu humwendea kumbandika kikuba cha asumini kifuani. Hapakuwa na hotuba wala cheti. Unasikika, unasimama, unavishwa maua, na kwa watu wale hakuna heshima iliyoizidi hiyo.

Bi Zuwena alikuwa mpiga cherewa, vile vifuu vyenye punje ndani vinavyotikiswa kufuata mwendo wa wimbo. Siku ya kurekodi maikrofoni ilikuwa moja tu, na yeye aliwekwa nyuma ya wote, karibu na mlango. Alikuwa mwanamke wa kujiona, na nasema hivyo kwa kumsifu. Alijua alichokifanya, na hakuona sababu ya kukisema kwa sauti ya chini.

Basi mashine ya kanda ikafa. Wimbo ukawa unapigwa kutoka kwenye simu, nakala iliyokuwa imerushwa kundi hadi kundi. Bi Zuwena aliendelea kusimama mahali pake, ubeti wa pili ulipoingia, ila cherewa hazikusikika tena. Kwanza watu walinyamaza kwa heshima. Baadaye vijana wakaanza kucheka. Mwaka uliofuata akakuta kiti chake hakipo.

Alimwendea mwenyekiti, Mzee Shaibu, aliyekuwa mpiga fidla wa kikundi tangu siku ya kwanza.

"Shaibu, kiti changu kiko wapi?"

"Dada yangu, sheria yetu unaijua. Anayesikika ndiye anayesimama."

"Kwa hiyo sikuwepo?"

"Ulikuwepo. Lakini wimbo haukutaji, nami nitawaambia nini watu?"

Bi Zuwena aliumia, akaona haya hata kuijibu salamu ya jirani njiani. Lakini hakwenda nyumbani kulia. Alikwenda kwa Rukia, fundi wa mitambo wa ukumbi ule, akamwomba aitafute kanda yenyewe kabatini. Rukia akaipata, akaazima mashine nyingine ya kanda, akaihamishia kwenye kompyuta nzima nzima, bila kupunguza kitu.

"Ile ya kwenye simu imebanwa ili iwe nyepesi kutumwa," Rukia alimweleza mwenyekiti. "Ikibanwa, sauti ndogo zilizo chini ya sauti kubwa huachwa. Na kila ilipotumwa tena, ilibanwa tena."

Mzee Shaibu akacheka. "Mwanangu, mimi sikio langu sikuliazima kwa mtu. Wimbo huo naujua tangu sina mvi, na ni ule ule. Lakini sawa, zipigwe zote mbili mbele ya watu. Bi Zuwena azipe spika mgongo, asiambiwe ipi ni ipi. Asimame pale atakapojisikia."

"Na nisipojisikia?" Bi Zuwena aliuliza.

"Basi habari ya kiti tusiisikie tena."

Siku ikafika, ukumbi ukajaa hata madirishani. Rukia akapiga nakala ya kwanza. Ubeti wa pili ulipoingia, macho yote yakamgeukia Bi Zuwena. Angeweza kusimama, maana mahali pale alipajua kama jiko lake. Hakusimama. Wimbo ukaisha yeye ameketi, mikono mapajani.

"Simo humo," akasema.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba bibi wa watu amekubali mwenyewe.

Rukia akapiga ya pili. Ubeti wa pili ulipoingia, kutoka nyuma kabisa ya wimbo, kutoka kule mlangoni, cherewa zikaingia, nyepesi, zimenyooka, zimeushika wimbo wote. Bi Zuwena akainuka kidevu juu. Kabla hajasimama sawasawa, kinamama walikuwa wameshamfikia na vigelegele, na kifua chake kikajaa asumini mpaka gauni halionekani. Wale vijana waliomcheka walikuwa wa mbele kumshangilia, kwa sababu aliyekuwa akisikika pale alikuwa wa kwao.

Lakini wimbo ulikuwa bado haujaisha. Kuelekea mwisho, chini ya kinanda cha kodiani, fidla ya Mzee Shaibu ikaruka na kuingia peke yake kabla ya wenzake. Kwenye nakala ya simu, kosa hilo halikuwahi kusikika. Vigelegele vikakatika, na ukumbi mzima ukamtazama Mzee Shaibu.

Rukia akainamia mitambo yake. "Mwenyekiti, hiyo naweza kuifuta. Hakuna atakayejua."

 Mzee Shaibu akasimama, kwa sababu ala yake ilikuwa imesikika.

"Usiiguse," akasema. "Leo ukinifutia kosa langu, kesho utamfuta mtu na haki yake. Huu ndio wimbo wetu, na tangu leo utapigwa hivi ulivyo."

Akachukua kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya Bi Zuwena, akambandika kikuba cha mwisho kwa mkono wake.

Bi Zuwena akaketi, akajitengeneza mtandio bila haraka.

"Shaibu ndugu yangu," akasema, "fidla uliiwahisha, kiti umekichelewesha. Lakini leo umepatia."

Funzo: Usimfute mtu kwa sababu nakala uliyonayo haimtaji. Itafute iliyo kamili, na ukiipata, kubali kuyasikia na ya kwako.