Pishi ya Pili ya Mshika Kamba

Wa kwanza kunisimulia kisa hiki ni bibi yangu mzaa mama, Bi. Zena binti Mwinyikondo, Mola amrehemu, katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1964, nyumbani kwake Pangani. Mwinyikondo atakayetajwa ni baba yake mzazi, kwa hiyo niliwauliza na wengine. Hawakutofautiana.

Inasimuliwa kwamba watu wa mtaa mmoja walikusudia kuuchimbia msikiti wao kisima, na imamu wao, Mwalimu Abdurabi, akaajiri watu wawili. Mshangama, mcha Mungu aliyehamia karibuni kutoka kusini, alikuwa mchimbaji. Mwinyikondo alikuwa mshika kamba: hukaa ukingoni, humteremsha mwenzake, huvuta ndoo za udongo, na kazi ikiisha humpandisha. Ujira wa siku ulikuwa mchele. Mchimbaji alipewa pishi moja, mshika kamba pishi mbili.

Huko alikotoka Mshangama, mchimbaji ndiye aliyezidishiwa. Wanawake waliopita njiani wakamchokoza: "We mgeni, kutwa unakula udongo, mwenzio anakula upepo, na kapu lake ndilo linalojaa!"

Akamwendea imamu. "Mwalimu, niwie radhi. Kazi yangu ina kasoro?"

"Haina."

"Mbona basi ujira wangu ni nusu ya wake?"

"Hilo ni la Mwinyikondo kulisema. Muulize yeye."

Akamuuliza. Mwinyikondo akainamisha macho, akasema, "Desturi yetu ndiyo hiyo, ndugu yangu. Shuka, jua linapanda."

Jawabu fupi hulisha dhana. Mshangama akaanza kumchunguza. Akaona kwamba kila siku baada ya sala ya alasiri Mwinyikondo hapiti njia ya kwake, bali huzunguka nyuma ya mtaa, huingia uani kwa Bi. Kidawa, mwanamke asiye mkewe wala ndugu yake, na hutoka kapu likiwa nusu. Siku tatu aliona hivyo hivyo. Aliyoyaona akawaambia wale wanawake, nao wakaongeza yao. Tangu hapo kila asubuhi alikagua kamba fundo kwa fundo kabla ya kushuka, na akiwa chini akitazama juu, aliuona uso wa mtu asiyemwamini. Akaazimia kusimama siku ya Ijumaa mbele ya jamaa na kumfedhehesha, na imamu pamoja naye.

Lakini alikuwa mtu wa kumwogopa Mungu, na alijua uzito wa kumsingizia mwanamke. Alhamisi akaenda kwa Bi. Kidawa, akasimama nje ya ua, akapiga hodi.

"Bibi, anayekuletea mchele ni nani wako?"

"Wangu?" Bi. Kidawa akacheka bila furaha. "Mume wangu ndiye aliyekuwa mchimbaji wake. Kisima kilimfukia. Mwaka wa sita huu Mwinyikondo anatulisha, mimi na wanangu wanne. Hukuambiwa? Hapa kwetu mshika kamba huapa kwa siri mbele ya imamu: mchimbaji akifa, wanawe ni wake. Pishi ya pili ni ya kiapo hicho. Una watoto wewe?"

"Watatu."

"Basi ameshawaapia."

Ijumaa, baada ya sala, Mshangama alisimama kama alivyoazimia. "Nimemdhania ndugu yangu Mwinyikondo uovu, nikausema kisimani. Nilisema uongo. Namwomba radhi mbele yenu."

Mwinyikondo akajibu, "Nimekusamehe. Na mimi nina kosa, nimeificha sadaka mpaka ikafanana na wizi. Pishi moja katika zile mbili ni yako wewe, na namwomba Mungu usije ukaihitaji."

Ujira wao haukubadilika. Mshangama akashuka kisimani Jumamosi bila kukagua kamba.

Ndugu zangu, ujira wa watu hutofautiana, na mara nyingine sababu ni dhuluma tupu. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza, na aulizwaye ana wajibu wa kujibu. Lakini mzigo mwingine hauonekani begani. Tuulize mpaka mwisho kabla ya kuhukumu.

Mwinyikondo, Mshangama, Mwalimu Abdurabi na Bi. Kidawa wote wamekwisha kufariki. Katika wale watoto wanne, aliye hai leo ninapoandika ni kitinda mimba, Bi. Mwanaidi, anayekaa kwa mjukuu wake Muheza.